Jinsi ya kuiendesha timu ya futiboli ya Kimarekani ya chuo iliyopunguziwa ufadhili

Julai 2012, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, kiliiadhibu timu ya Chuo Kikuu cha Penn State kwa kuifungia mechi za baada ya msimu kwa miaka 4 na kuagiza idadi ya wachezaji wenye ufadhili wa masomo ishushwe kutoka 85 hadi 65, huku kila mchezaji akiruhusiwa kuhamia chuo kingine na kucheza papo hapo bila kusubiri. Ukipatwa na hali hiyo, zungumza kwanza na wakongwe wa kikosi, kwa maana wao wakibaki, chipukizi nao hutulia. Kisha wafanyie majaribio wanafunzi wanaojilipia karo. Matt McGloin, aliyeingia timu hiyo bila ufadhili, ndiye aliyekuwa kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, msimu huo wa 2012 walipomaliza kwa ushindi 8 na vipigo 4.

Ufadhili uliobaki wape wanaoweza kucheza zaidi ya nafasi moja. Mazoezini, hata makocha wa kale wakinung'unika, punguza kuangushana chini, kwa sababu beki akiteguka goti Jumanne, Jumamosi huna wa kumweka.