Mkorosho mmoja, miaka saba: jinsi ya kuchora upya picha yako ya zamani

Picha ya kwanza niliyochora kwa simu ilikuwa ya mkorosho ulio nyuma ya nyumba yetu, njia ya kwenda Naliendele, bibi ameketi chini yake anabangua korosho. Ilikuwa 2017, na nilichora kwa kidole. Tangu hapo kila Oktoba, mabibo yakianza kudondoka, naichora upya picha ileile. Vijana wa hapa Mtwara huniuliza nilipataje mtindo wangu, wakitarajia niwatajie brashi. Mtindo nimeupata kwa kurudi palepale kila mwaka, na hivi ndivyo ninavyorudi.

Hatua ya 1: Lifungue faili la zamani

Usilifute wala usilirekebishe. Chukua nakala, iweke kwenye faili jipya la A4 lenye nukta 300 kwa inchi, yaani pikseli 2480 kwa 3508. Kwenye kompyuta, programu ya kuchorea iitwayo Krita ni ya bure. Kwenye simu ibisPaint inatosha. Leya, yaani tabaka moja la picha, ya ukubwa huo hula karibu megabaiti 35 za RAM, kwa hiyo simu ndogo itaanza kukwama ukizirundika. Mimi hutumia sita, basi.

Ukubwa huu usiupuuze. Picha yangu ya 2018 ilikuwa na upana wa pikseli 1080. Mteja alipotaka ichapwe kwenye A3, kila inchi ilipata nukta 92 tu, na nyuzi za ukili kwenye mkeka wa bibi zikawa ukungu. Nilirudia kazi nzima bila malipo.

Hatua ya 2: Isome picha bila rangi

Ongeza leya juu ya zote, imwagie nyeusi, kisha kwenye namna za kuchanganya leya chagua iliyoandikwa Color. Picha yote inageuka kijivu. Yangu ya 2017 ilipogeuka hivyo, bibi alipotea: kanga yake nyekundu na majani ya kijani nyuma yake vilikuwa na kiza kilekile. Rangi zilikuwa zimenidanganya mwaka mzima. Sasa ipindue picha, kushoto kuwe kulia. Utaona mti umelala, au jicho moja limepanda juu ya jenzake.

Andika makosa matatu, yasizidi. Ukiandika kumi hutarekebisha hata moja.

Hatua ya 3: Nenda kwenye kitu chenyewe

Hapa ndipo wengi wanaporuka, na hapa ndipo kazi yote ilipo. Usifungue picha za mtandaoni. Kaa chini ya mti nusu saa kabla hujashika kalamu.

Matawi ya chini ya mkorosho hukaribia kugusa ardhi, kwa hiyo ukiwa ndani ni kama uko kibandani: mwanga unaingia kwa pembeni, si kwa juu. Mimi kwa miaka miwili nilikuwa nammulika bibi utosini. Majani machanga yana wekundu wa shaba, yaliyokomaa ni kijani kizito kinachong'aa. Sehemu ya chini ya majani ina ujotojoto, kwa sababu jua linapiga mchanga na mchanga unalirudisha juu.

Kisha litazame bibo moja kwa karibu. Ngozi yake inang'aa kama imepakwa mafuta, na mpaka wa ule mng'ao ni mkali. Korosho inayoning'inia chini yake ni ya kijivu, na mwanga unafifia juu yake polepole. Tunda moja, ngozi mbili. Siku nilipoliona hilo niliacha kutumia brashi laini kila mahali.

Na msimu nao una rangi yake. Wakulima wakishapulizia salfa kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, vumbi la njano hukaa juu ya majani na kuua mng'ao wote. Mkorosho wa Julai huuchori kama wa Oktoba.

Hatua ya 4: Toni tatu, brashi moja

Brashi ya duara, ngumu, bila uwazi wowote. Kiza, kati, mwanga. Usikuze picha kwenye kioo. Endelea mpaka isomeke hata ikiwa ndogo kama kucha.

Hatua ya 5: Rangi, bila nyeusi tupu

Nenda kwa wachongaji ukitazame kinyago cha mpingo kilichopigwa msasa na kung'arishwa. Ukikiweka nje, utaona kahawia, utaona zambarau kwa mbali, na penye mgongo wa umbo utaona buluu ya anga. Nyeusi yenyewe huipati kirahisi. Kwa hiyo kwenye vivuli naweka zambarau iliyokolea, na kingo zinazotazama angani nazigusa na buluu kidogo.

Hatua ya 6: Punguza

Mzee mmoja mchongaji aliwahi kunitazama nikichora, akaniambia, "Mjukuu wangu, sisi tunatoa. Wewe unaongeza tu." Nilikuwa nimechora majani mamia, moja moja.

Sasa nikimaliza, nachukua nakala na kuanza kufuta. Nabakiza majani ya ukingoni, yenye anga nyuma yake, na machache juu ya bega la bibi. Mengine yote yanakuwa bonge moja la kiza, na jicho la mtazamaji linayajaza lenyewe. Huu ndio watu wanaouita mtindo wangu. George Lilanga, mzaliwa wa Masasi, alianza na kuchonga kisha akahamia kwenye rangi, na mashetani, yale maumbo ya pepo ya uchongaji wa Kimakonde, yakahama naye. Ukitazama kazi zake za rangi, mkono wa mchongaji bado umo.

Hatua ya 7: Hifadhi kwa tarehe

Faili lipewe mwaka, nakala moja ikae nje ya simu. Iweke picha mpya kando ya ya zamani, uandike kosa moja la kuanza nalo msimu ujao.

Langu la mwaka huu ni mikono ya bibi. Mafuta ya ganda la korosho yameacha madoa meusi kwenye vidole vyake, na kidole gumba kimepinda kwa miaka ya kubangua. Mimi bado namchorea mikono ya msichana. Oktoba nitaketi karibu naye zaidi.