Kulipia Safari ya Kikazi: Kadi ya Kampuni, Kadi Yako, na Deni la Nani

Mfanyakazi anayetumwa kutoka Dar es Salaam kwenda Dubai kukagua mzigo wa kampuni hupewa tiketi na barua ya safari, kisha huambiwa kwamba gharama nyingine alipe kwa kadi na hesabu zitafanywa akirudi. Kabla ya kuitikia, aulize swali ambalo wengi huona haya kuliuliza: benki itakapodai, itamdai nani? Kadi yenye jina la kampuni si lazima iwe deni la kampuni. Zipo ambazo mwajiri huilipa benki moja kwa moja, na zipo ambazo jina la kampuni limechapishwa juu lakini mkataba wa deni umetiwa saini na mfanyakazi mwenyewe, hivyo marejesho yakichelewa, riba humwandama yeye. Jibu limo kwenye fomu ya maombi ya kadi.

Ukilazimika kutumia kadi yako ya mkopo, tazama siku ambayo taarifa ya mwezi hufungwa na siku ya mwisho ya kulipa. Tuseme taarifa hufungwa tarehe 20 na malipo hudaiwa tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Hoteli uliyoilipia tarehe 19 Machi itadaiwa tarehe 14 Aprili, yaani baada ya siku 26; ukiilipia tarehe 21 Machi, itaingia kwenye taarifa ya Aprili na kudaiwa tarehe 14 Mei, baada ya siku 54. Kama ofisi yenu huchukua mwezi mzima kurejesha fedha, tofauti hiyo ya siku mbili ndiyo inayoamua iwapo utalipa riba kwa ajili ya safari ya mtu mwingine. Hesabu hii husimama tu ikiwa huna deni la nyuma kwenye kadi, na haihusu fedha taslimu: ukitoa noti kwenye ATM kwa kadi ya mkopo, kwa kawaida riba huanza kuhesabiwa siku hiyohiyo, tena juu ya ada ya kutoa. Fedha za teksi na za vibarua ziombwe kama masurufu kabla ya safari.

Siku chache kabla ya kuondoka, iombe benki ifungue matumizi ya nje ya nchi na ya mtandaoni, na uulize ukomo wa kadi kwa siku, ambao ni tofauti na salio. Hakikisha pia kwamba laini ya simu inayopokea namba ya uthibitisho itafanya kazi ugenini, kwani bila ujumbe huo malipo mengi ya mtandaoni hukwama. Niliwahi kusimama kwenye mapokezi ya hoteli usiku wa manane, fedha zikiwamo na kadi ikikataa, kwa sababu ya ukomo ambao simu moja ingeurekebisha.

Hoteli nyingi hushikilia kiasi fulani kwenye kadi unapoingia, kama dhamana ya matumizi ya ziada. Kwenye kadi ya mkopo zuio hilo hupunguza ukomo wa mkopo tu, lakini kwenye kadi ya kawaida ya benki hushika fedha zako halisi, na huweza kuchukua siku kadhaa kuachiwa. Kwa hiyo usitumie kadi ya akaunti ya mshahara kwenye mapokezi ikiwa una nyingine, na unapoondoka lipa kwa kadi ileile iliyowekewa zuio, usije ukawa umefungiwa fedha mahali pawili. Dubai ina nyongeza yake: ada ya utalii ya dirham (fedha ya huko) 7 hadi 20 kwa chumba kwa usiku, kulingana na daraja la hoteli, ambayo mara nyingi hulipwa hotelini hata kama chumba kilishalipiwa. Iombee risiti, maana mhasibu hataikuta kwenye hati ya awali.

Mashine ya kadi ikikuuliza kama unataka kulipa kwa shilingi au kwa dirham, chagua dirham. Ukichagua shilingi, anayebadilisha fedha ni mwenye mashine, na kiwango chake huwa na faida yake ndani. Dirham imefungwa kwenye dola kwa kiwango cha 3.6725 tangu 1997, jambo linalorahisisha ukaguzi: kwa kadi ya akaunti ya dola, dirham 1,000 ni takriban dola 272.29, na taarifa ikionyesha 280, zile karibu nane zilizozidi ni makato, nayo yaombewe marejesho kwa mstari wake.

Kwenye marejesho ndiko watu hupoteza zaidi. Karatasi ndogo inayotoka kwenye mashine ya kadi huthibitisha kwamba fedha zimelipwa. Haisemi zimelipia nini. Ndani ya Tanzania dai risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi ya kielektroniki, yenye TIN (namba ya mlipakodi) ya kampuni, na iwe kwa shilingi, kwa kuwa kanuni za Machi 2025 zinakataza huduma za ndani kulipiwa kwa fedha za kigeni. Nchini Kenya, tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, kwa kawaida haikubaliwi katika hesabu za kodi za kampuni, kwa hiyo taja PIN ya kodi ya mwajiri (si namba ya siri ya kadi) kabla ankara haijatolewa. Piga picha risiti siku hiyohiyo, kwani wino wa karatasi hizo hufifia. Kufuliwa nguo zako na soda za usiku ziandikiwe hati ya pembeni na uzilipe kwa fedha zako.

Katika kubadilisha dirham kuwa shilingi, tumia kiasi kilichokatwa kwenye taarifa ya kadi, si kiwango ulichokiona mtandaoni, kisha ambatisha ukurasa huo ukiwa umefuta manunuzi yako binafsi. Usitupe nakala baada ya kulipwa. Hoteli huweza kukata nyongeza wiki kadhaa baadaye, na utahitaji hati yao ya kuondokea ili kulipinga kato hilo benki.