Jinsi ya kufuatilia asili ya jina la ukoo la Kipolandi: mfano wa Wiśniewski

Mpwa wangu ameolewa Polandi, na alipojifungua alitaka kujua jina Wiśniewski, ambalo wanawe wamelirithi, limetoka wapi. Tulifuatilia pamoja kwa simu, mumewe akitusaidia kusoma Kipolandi. Njia tuliyoipita itamfaa yeyote mwenye wakwe huko.

1. Pata kiini cha jina

Ondoa -ski (kwa mwanamke ni -ska). Kinachobaki hapa kinaelekeza kwenye vijiji vinavyoitwa Wiśniewo au Wiśniew, majina yanayotokana na mti wa cheri chachu. Kuna Wiśniewo karibu na Mława, Wiśniew karibu na Siedlce, na vingine. Kwa hiyo wenye jina hili si lazima wawe ndugu. Usinunue nembo ya ukoo mtandaoni: -ski ilianza kwa mabwana wenye vijiji, lakini baadaye wakulima na mafundi waliichukua pia.

2. Orodhesha maumbo yote ya jina

Usiharakishe hapa. Ukitafuta umbo moja tu, utaamini ukoo haupo kumbe umeandikwa vingine.

Polandi iligawanywa na Urusi, Prussia na Austria kati ya mwaka 1772 na 1795, na lugha ya kumbukumbu za vizazi, ndoa na vifo ikategemea mtawala. Upande wa Urusi ziliandikwa kwa Kipolandi, kisha kuanzia 1868 hadi Vita Kuu ya Kwanza kwa Kirusi, na jina likawa Вишневский. Upande wa Prussia utakuta Kijerumani, mfano Wischnewski. Galicia, chini ya Austria, ilitumia Kilatini. Tafuta pia Wisniewski bila alama juu ya s, na Wiszniewski.

Halafu kuna sarufi. Kwenye hati, Wiśniewski hugeuka Wiśniewskiego kulingana na nafasi yake katika sentensi. Ukiona mwanamke mwenye jina la mumewe likifuatwa na „z Wiśniewskich”, maana yake alizaliwa katika ukoo wa Wiśniewski. Hiyo „z” hutumika pia kwa mtu kutoka kijiji fulani, kwa hiyo usikimbilie ramani.

Majina yasiyoishia -ski yana kanuni nyingine: zamani mke wa Nowak aliitwa Nowakowa na binti yake Nowakówna. Siku hizi wengi hubaki Nowak tu.

Hati za Kirusi huwa na tarehe mbili, moja ya kalenda ya zamani ya Urusi na moja ya kalenda yetu, kwa karne ya 19 zikipishana siku 12. Nakili ile ya baadaye.

3. Angalia jina limeenea wapi

Serikali ya Polandi huchapisha kwenye dane.gov.pl orodha za majina kutoka daftari la wakazi, PESEL. Wanaume na wanawake wako kwenye faili tofauti, kwa hiyo jumlisha Wiśniewski na Wiśniewska. Jumla yao inazidi 100,000. Ni jina la tatu baada ya Nowak na Kowalski.

Ramani za leo zisome kwa tahadhari kubwa. Mwaka 1945 mipaka ilisogezwa magharibi, na familia nyingi za mashariki zikahamishiwa maeneo yaliyokuwa ya Ujerumani, kama Wrocław na Szczecin. Jina likijaa Wrocław leo, huenda mizizi yake iko Ukraine ya sasa. Wapolandi waliohifadhiwa Tengeru, Arusha, wakati wa Vita Kuu ya Pili nao wengi walitoka mashariki huko, na makwao yakabaki ndani ya Muungano wa Kisovieti.

4. Ingia Geneteka

Geneteka ni tovuti ya kutafutia majina katika kumbukumbu za vizazi, ndoa na vifo, na kwangu hakuna chombo kinachoipita. Ni ya Polskie Towarzystwo Genealogiczne (chama cha nasaba cha Polandi), ni bure, na ina sehemu za Ukraine, Belarusi na Lithuania. Chagua mkoa, kisha jaza majina mawili ya ukoo, la mume na la mke alilozaliwa nalo. Kwa jina lililoenea hivi, kutafuta moja peke yake kutakuletea watu wasiohesabika. Majina hayo mawili utayapata kwenye cheti cha kuzaliwa cha babu, kwa hiyo kiombe kwa wakwe kabla ya kufungua kompyuta.