Kufunga mashine ya mishipa ya kidole kwenye sacco

Wakulima wa viazi huku Molo husumbuliwa na mashine za alama za vidole kwa sababu alama zenyewe zimelika. Jembe na udongo vimezisugua hadi mashine haioni kitu. Mishipa ya damu iko ndani ya nyama, jembe haliifikii. Kifaa humulika kidole kwa mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho. Damu iliyokwisha kuachia oksijeni huunyonya, na mishipa hutokea kwenye kamera kama nyuzi nyeusi. Benki za Japani zimeutumia utaratibu huu kwenye ATM kwa miaka mingi.

1. Karatasi kabla ya waya. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 huhesabu data ya kibayometriki kuwa nyeti. Andika tathmini ya athari kwa faragha ya wanachama, hakikisha sacco imesajiliwa kwa Kamishna wa Data, na mweleze mwanachama unachukua nini na utakaa nacho hadi lini. Anayekataa ahudumiwe kwa kitambulisho na nambari ya siri, bila kununiwa. Watu bado wanakumbuka foleni za Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali, pale KICC Nairobi mwaka 2023, macho yakipigwa picha hadi serikali ikasimamisha zoezi lile.

2. Mahali. Jua nalo lina infraredi, kwa hiyo kifaa kisielekee dirisha. Weka na betri ya akiba. Stima ya huku unaijua.

3. Kusajili. Hapa ndipo kazi nzima ilipo, na ndipo mafundi wengi hukimbia. Sajili vidole viwili, kimoja kila mkono, maana mkulima hukosi kumwona siku moja na bandeji. Kidole cha shahada au cha kati ndicho rahisi kukiweka sawa. Piga picha ya kila kimoja mara tatu, akikiinua na kukirudisha. Asikibonyeze: ukikandamiza, damu inakimbia na nyuzi zinafifia.

Asubuhi moja ya Julai mama mmoja alikataliwa mara nne mfululizo.

"Kijana wangu, hii mashine yako imenikataa?"

"Hapana mama, ni baridi. Shika kwanza hiki kikombe."

Baridi hukaza mishipa ya vidoleni. Alikishika kikombe cha chai kwa mikono miwili, tukaongea bei ya viazi, na aliporudisha kidole kikapita mara ya kwanza. Tangu siku hiyo chupa ya chai iko kwenye orodha yangu ya vifaa, karibu na bisibisi.

4. Nambari kwanza, kidole baadaye. Mwanachama ataje nambari yake, kisha mashine ilinganishe kidole na kiolezo chake peke yake, yaani ile ramani ya mishipa iliyowekwa alipojisajili. Kutafuta kidole kimoja kati ya maelfu kunachelewesha na kunaongeza makosa.

5. Usalama. Usihifadhi picha, hifadhi kiolezo kilichofichwa kwa msimbo, na ufunguo wake ukae mbali na seva. Nambari ya siri ikiibwa unaibadilisha, mshipa huubadilishi. Na usimwahidi meneja kwamba haidanganyiki: Desemba 2018 huko Leipzig, Ujerumani, watafiti wawili waliipita mashine ya mishipa ya kiganja kwa mkono wa nta. Kwa hiyo karani asiondoke dirishani, na pesa nyingi zidai kidole pamoja na nambari ya siri.

6. Ikikataa mara tatu, karani ahamie kidole cha pili, kisha kitambulisho, na aandike kwenye daftari. Mimi hulipitia daftari hilo kila Ijumaa. Jina likijirudia, namwita mwenyewe tusajili upya, saa sita mchana jua likiwa limepanda.