Risasi na mtutu wa kulenga mbali

Usianze na mtutu, anza na umbali. Sisi huku Texas tunalenga bamba la chuma mita 900. Nilianza na .308 Winchester, risasi ya tangu 1952. Hadi mita 600 haikunisumbua. Kupita hapo, kaupepo ka ubavuni tu kalikipeperusha kichwa cha risasi nje ya bamba, na teke lake bega langu lilikoma. Nikahamia 6.5 Creedmoor, ya 2007: kichwa chembamba, kirefu, kinakata upepo vizuri zaidi. Ila inakula mtutu mapema kuliko .308, kwa hiyo tenga hela ya mtutu wa pili.

Urefu? Inchi 24. Kila inchi unayopunguza, risasi inapoteza kasi ya kama mita 6 hadi 8 kwa sekunde. Ya 26 nilijaribu. Ukifunga na kizima sauti, umebeba mchi.