Somo: Madeni yakikuzidi, panga malipo kwa hatari siyo kwa kelele za anayekudai

Wapendwa habari zenu, wiki hii wengi mmeniandikia pembeni kuhusu madeni, hasa hii mikopo ya kausha damu (ya mtaani yenye riba kubwa) na ile ya mtandaoni, nikaona badala ya kumjibu kila mtu kivyake niweke somo hapa tusome wote. Mimi nimekuwa mweka hazina wa kikoba (kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana) muda mrefu, nimekaa na watu wengi wakiwa wamekwama na marejesho, na kitu ninachokiona karibu kila mara ni kwamba mtu anamlipa yule anayempigia simu mara ishirini kwa siku, wakati yule anayeweza kumtoa kwenye nyumba amekaa kimya anasubiri tarehe yake tu. Tukirekebisha hapo tu, nusu ya kazi imeisha.

Hatua ya 1: Funga mlango wa kukopa, simu iache hewani

Kukopa huku ukalipe kule ndiyo kunakomaliza watu. Deni la elfu themanini linageuka laki tatu na mwenyewe hujui liligeukia wapi. Kwa hiyo kuanzia leo hakuna mkopo mpya, hata wa elfu kumi ya vocha. Zile apu za mikopo kabla hujazifuta piga skrinishoti ya kila kitu, kiasi ulichopewa, tarehe, salio, masharti, maana ukishafuta ushahidi wako umeenda. Zile huduma za kwenye laini za kukuongezea hela ukamilishe muamala nazo uziangalie, ukipokea hela tu wanakata kwanza, unajikuta umepanga bajeti ya hela ambayo haipo.

Simu usizime wala usibadilishe laini. Ukipotea mdai anaenda kwa mdhamini wako, kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa bosi wako, na ukija kuongea naye baadaye hakuna atakayekuamini.

Hatua ya 2: Andika madeni yote kwenye daftari moja

Yote, pamoja na la shemeji na la duka la Mangi. Kila deni andika unadaiwa na nani, hela ILIYOINGIA MKONONI ni sh ngapi (siyo iliyoandikwa kwenye mkataba, kuna wanaoandika laki moja wanakata "ada" juu kwa juu unapewa elfu sabini), umesharudisha kiasi gani, riba na penati, tarehe ya rejesho, umeweka dhamana gani na nani amekudhamini. Mkataba kama huna omba kopi, na omba taarifa ya mkopo inayoonyesha malipo yote uliyofanya. Ni haki yako, na akikataa kukupa andika tarehe uliyoomba na jina la aliyekukatalia.

Hapa watu wengi wanalia, nawaelewa kabisa, ila ukishaona jumla angalau unajua unapambana na nini.

Hatua ya 3: Angalia anayekudai ana leseni

Toka Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, mtu au kampuni inayofanya biashara ya kukopesha bila kupokea amana za watu inaitwa daraja la pili na lazima iwe na leseni ya Benki Kuu ya Tanzania (BoT). Orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti ya BoT, tafuta jina la kampuni lililo kwenye mkataba, siyo lile la kwenye bango. Novemba 2024 BoT walitangaza majukwaa na apu 69 zilizokuwa zinakopesha mtandaoni bila leseni, kwa hiyo msishangae mkikuta yenu haipo. Na ukomo wa riba kwa daraja la pili ni asilimia 3.5 kwa mwezi, yaani laki moja ni sh 3,500 kwa mwezi. Sasa piga hesabu mwenyewe yule anayekupa laki urudishe laki na thelathini mwisho wa mwezi.

Asiye na leseni haimaanishi ule hela yake ukae kimya. Hela uliyopokea irudishe. Ila kwenye kujadiliana riba na penati una nguvu kubwa kuliko unavyodhani, na yeye analijua hilo.

Hatua ya 4: Bajeti ya kweli

Wengi wanaanza na deni halafu familia inakula kilichobaki, na mpango wa namna hiyo haumalizi hata mwezi wa pili maana watoto wakikosa chakula utakopa tena, lazima. Anza na maisha. Tuchukue mfano wa mtu anayepokea mkononi 640,000 kwa mwezi. Kodi ya nyumba 100,000, chakula 220,000, nauli 60,000, umeme maji na gesi 45,000, mahitaji ya shule 50,000, bando na dharura ndogo 25,000. Jumla 500,000. Anabakiwa na 140,000 na hiyo ndiyo hela ya madeni, haiongezeki kwa sababu mtu amekutukana kwenye simu.

Wa biashara ambao kipato kinapanda na kushuka, tumieni mwezi mbaya siyo mwezi wa Desemba.

Hatua ya 5: Panga kwa hatari

Jiulize kwa kila deni, nisipolipa miezi mitatu nitapoteza nini? Lenye hati ya nyumba, kodi ya pango, pikipiki au bajaji inayokuingizia hela, hayo ni ya kwanza. Yanafuata yenye mdhamini au ya kikundi, kwa sababu usipolipa wewe analipa mama mwenzio aliyekuamini, na kikoba ndiyo pa kukimbilia siku mtoto akiumwa. Mwisho ndiyo yasiyo na dhamana, hizo apu, mkopo wa mtaani, ndugu na marafiki. Mtaona wenye kelele nyingi wako kundi la mwisho, ndiyo maana wanapiga kelele, hawana kingine cha kushika.

Mtu wetu wa mfano kodi yake iko sawa, anadaiwa kikoba 300,000, mkopo wa mtaani 400,000, apu moja 120,000, nyingine 80,000, na rafiki 200,000. Kwenye ile 140,000 anatoa 60,000 kwa kikoba, inabaki 80,000 ya kugawa kwa waliobaki kulingana na ukubwa wa deni: mtaani 40,000, apu 12,000 na 8,000, rafiki 20,000. Mwezi wa tano kikoba kimeisha, ile 60,000 anaihamishia kwa wengine, na kama wamekubali kusimamisha riba na penati anamaliza mwezi wa nane. Kila mtu anapata kitu kila mwezi na hakuna wa kusema umemkimbia.

Hatua ya 6: Watafute wewe kabla hawajakutafuta

Nenda kabla ya tarehe ya rejesho. Kwa kampuni usiishie kwa afisa mikopo anayezunguka na pikipiki, yeye ana malengo ya makusanyo na hana mamlaka ya kusamehe penati, omba meneja wa tawi. Ukishaongea tuma pia kwa maandishi, kitu kama hiki:

"Habari, mimi ni (jina), mkopo namba (…). Kipato changu kimepungua na siwezi kulipa rejesho la 90,000 kwa mwezi. Naambatanisha bajeti yangu. Naweza kulipa 40,000 kila tarehe 5 kuanzia mwezi ujao. Naomba msimamishe riba na penati kuanzia leo na mnithibitishie kwa maandishi. Deni silikatai."

Fupi hivyo hivyo, usisimulie matatizo kurasa tatu. Na msitaje kiasi mlichokitoa kwa hofu, mtu anabanwa anasema "basi nitalipa elfu themanini" wakati bajeti inasema arobaini, mwezi wa kwanza tu ameshavunja ahadi.

Niseme ukweli, mkopeshaji halazimiki kukubali. Wengine watakataa mara ya kwanza. Wewe anza kulipa kile ulichoahidi, tarehe ile ile, na urudie ombi baada ya miezi miwili ukiwa na risiti mkononi, watu wengi hapo ndipo wanapokubaliwa.

Hatua ya 7: Lipa kwa njia yenye kumbukumbu

Benki au lipa namba ya kampuni, KAMWE siyo namba binafsi ya afisa. Akihamishwa au akifukuzwa kazi na hela yako haikuingia kwenye mfumo, deni linabaki lako. Meseji za muamala usifute, na deni likiisha omba barua ya kumaliza mkopo, udai na dhamana yako siku hiyo hiyo. Barua hiyo itakusaidia pia kama bado unasomeka mdaiwa kwenye kumbukumbu za mikopo wanazoangalia mabenki.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mama mweka hazina. Mimi nadaiwa na apu elfu 90 tu lakini wametuma meseji kwa watu wote kwenye simu yangu mpaka baba mkwe, wameweka na picha yangu wameandika tapeli. Natamani kufa kwa aibu.

Marahaba mwanangu, pole sana, na kwanza usikae na hili peke yako, leo hii mwambie mtu mmoja wa karibu unayemwamini, na hayo mawazo ya kufa mwambie pia usiyafiche. Aibu hapo siyo yako. Waliotumiwa wengi wanaijua hii michezo, watumie meseji moja fupi kwamba namba zenu zimechukuliwa na kampuni ya mikopo, msilipe chochote, msijibu. Halafu kusanya skrinishoti zote pamoja na namba zilizotuma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na kuna Tume yake kabisa, peleka malalamiko huko, na BoT pia. Picha na neno tapeli ripoti polisi upate RB (namba ya taarifa yako polisi). Kwenye simu nenda sehemu ya ruhusa uondoe ruhusa ya apu kusoma namba na picha. Deni lenyewe liingie kwenye mpango kama mengine, wasikufanye uwalipe kabla ya kodi.

Mimi ni mwalimu, mkopeshaji anakaa na kadi yangu ya benki na namba ya siri, mshahara ukiingia anatoa yeye ananiachia anachotaka. Nikienda kubadilisha kadi si atanishtaki?

Mwalimu, namba ya siri hata benki yako hairuhusu kumpa mtu. Kukopa siyo kosa na kubadilisha kadi yako siyo kosa, tatizo litakuwa kukataa kulipa. Kwa hiyo fanya kwa mpangilio, piga hesabu alichotoa mpaka sasa kutoka kwenye taarifa ya benki (usishangae ukikuta ameshajilipa zaidi), mwandikie ofa kama ya hatua ya 6, halafu nenda benki ufunge kadi upate mpya. Na kumbuka kwa watumishi makato rasmi hayatakiwi kukuacha chini ya theluthi moja ya mshahara. Huyo wa kadi yuko nje ya utaratibu kabisa ndiyo maana anakuacha mpaka na elfu kumi. Akija na vitisho hakikisha unajibu kwa maandishi.

Wamesema wanakuja na polisi kesho. Nitafungwa?

Kaka, deni la mkopo ni madai, linaenda mahakamani, siyo selo ya polisi. Jinai inaingia kama ulidanganya, mfano uliweka dhamana hati ya kughushi au ya mtu mwingine. Ukiitwa polisi nenda, usikimbie, peleka daftari lako na risiti, na usisaini karatasi ya kuahidi kiasi ambacho huna. Ila wakikufungulia kesi ya madai mahakamani lazima uende tarehe uliyopangiwa, usipoenda hukumu inatoka upande mmoja, na hapo ndipo dalali wa mahakama anapopata nguvu. Ukifika unaweza kuomba kulipa kwa awamu, na ile bajeti yako ndiyo utakayoonyesha.

Kuna mtu anasema anakusanya madeni yote anakupa mkopo mmoja mkubwa unabaki kulipa sehemu moja, vipi hii?

Inategemea anakupa kwa riba gani na anataka nini. Kama ni benki au SACCOS yako (chama cha ushirika cha akiba na mikopo), riba ni ndogo kuliko ya sasa na wanalipa wadai moja kwa moja, fikiria. Kama anataka hati ya nyumba ili kulipa mikopo ya apu ambayo haikuwa na dhamana yoyote, kataa, utakuwa umechukua deni la kelele umeligeuza deni la kukutoa kwenye nyumba. Na yeyote anayeomba "ada ya kufungulia faili" kwanza, achana naye.

Dada naomba msaada, mume wangu aliweka hati ya nyumba tunayoishi bila kuniambia, juzi nimeona karatasi ya notisi mlangoni.

Dada hili usisubiri hata wiki. Nyumba ya familia mwanandoa mmoja hawezi kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake, ipo Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 59, na sheria ya ardhi nayo inataka ridhaa. Soma notisi ni ya tarehe ngapi, maana kwa rehani ya nyumba mkopeshaji anatakiwa akupe notisi ya siku 60 kabla hajachukua hatua, hesabu zimebaki ngapi. Omba benki ikuonyeshe fomu ya ridhaa, kama kuna saini inayosemekana ni yako na hukusaini, hiyo ni kesi nyingine nzito. Chukua cheti cha ndoa, notisi na kopi ya mkataba uende LHRC (Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu) au TAWLA (chama cha wanasheria wanawake), wanasaidia bure kwa wasio na uwezo, au muulize afisa maendeleo ya jamii wa kata yako akuelekeze kwa wasaidizi wa kisheria. Na wakati huo huo mume aende benki kuomba kupangiwa upya marejesho, hizo njia mbili ziende pamoja, na ukishaisoma hiyo notisi niandikie pembeni tarehe zake tuzihesabu wote.