Mgeni kundini na habari za roketi

Mimi ni fundi cherehani hapa Malindi. Ukifuata pwani kuelekea kaskazini utafika Ngomeni, na baharini mbele yake ndipo Waitaliano waliposimamisha majukwaa yao ya kurushia roketi miaka ya 1960. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ilirushwa kutoka pale setilaiti ya kuchunguza eksirei zitokazo kwenye nyota, ikapewa jina Uhuru. Habari hizo nimezisikia tangu utotoni. Lakini kufuatilia roketi siku kwa siku nilianza Novemba 2022, nilipoingizwa kwenye kundi la WhatsApp la watu wanaopenda mambo haya. Ninayoyaandika hapa ni kwa ajili yako unayeingia leo.

Ukishasalimia na kusema unatoka wapi, soma. Rudi nyuma usome ujumbe wa wiki nzima, umjue nani huleta habari kutoka kwa wenye roketi na nani husambaza tu alichotumiwa. Kisha chagua safari moja uishike mpaka mwisho. Ukitaka kufuata zote, za Marekani, China, India na Ulaya, utachoka kabla mwezi haujaandama. Mimi nilichagua Artemis I, roketi ya NASA, shirika la anga la Marekani, iliyokuwa inapeleka chombo Orion kuuzunguka mwezi bila watu ndani. Nilifungua ukurasa wa nyuma wa daftari langu la vipimo, lile la kifua, kiuno na urefu wa mkono, nikaandika jina lake na tarehe. Mpaka leo safari zote ninazofuata ziko kwenye kurasa za nyuma, na wateja wako kurasa za mbele.

Sasa nije kwenye saa, maana ndipo nilipokosea na ndipo wengi hukosea.

Sikuwa na subira ya kusoma kwanza. Siku ya tatu tu kundini nikatangaza, "Artemis kesho 9:04." Nilikuwa nimechukua saa ya UTC, ile saa ya pamoja ya dunia nzima, 06:04, nikaongeza 3, nikaiandika kama inavyoonekana kwenye simu. Kesho yake alasiri akaandika mama mmoja wa Lamu: "Mwanangu, mimi saa tisa nimeketi na wajukuu kungojea, kumbe roketi imekwenda zake tangu asubuhi." Alikuwa ameacha shughuli zake kwa sababu ya neno langu. Nilimjibu shikamoo na kumwomba radhi, naye akanijibu kwa upole, "Andika saa kama tunavyoisema."

Nikakaa na daftari nikatafuta njia. Sisi tuko mbele ya UTC kwa saa 3, na saa ya Kiswahili iko nyuma ya ile ya simu kwa 6. Ongeza 3, toa 6: hesabu yote ni kutoa 3. UTC 06:04 ni saa 3:04 asubuhi. Ukipata zaidi ya 12, toa 12: UTC 20:00 inakuwa 17, yaani saa 5 usiku. Namba ikiwa ndogo, iongezee 12 kwanza: UTC 01:30 ni saa 10:30 alfajiri. Hiyo ni kwa Kenya, Tanzania na Uganda. Walio Bujumbura, Kigali na Lubumbashi watoe 4, walio Muscat watoe 2. Na usiache kuandika asubuhi, alasiri au usiku. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe langu kundini likawa hilo, kugeuza saa, na nalishika mpaka leo.

Tarehe nayo iangalie. Taifa-1, setilaiti ya Kenya, iliruka kwa roketi ya Falcon 9 kutoka Vandenberg, California. Kwetu ilikuwa 15 Aprili 2023, saa 3:48 asubuhi, lakini kule ilikuwa bado usiku wa tarehe 14. Watu walibishana kundini kuhusu siku, na wote walikuwa sawa.

Jambo la pili la kuzoea ni kungoja. Artemis I ilisitishwa 29 Agosti 2022 kwa sababu ya joto la injini moja kutosomeka sawasawa, ikasitishwa tena 3 Septemba kwa kuvuja haidrojeni, kisha kimbunga kikailazimisha kurudishwa ndani ya jengo lake. Hata siku yenyewe iliyoruka, 16 Novemba, valvu ilivuja tena, na watu watatu wakatumwa kwenda kukaza nati chini ya roketi iliyokwisha kujazwa mafuta. Nilipolijua hilo mkono ulisimama juu ya cherehani. Kwa hiyo ukiona saa ya kuhesabu kurudi nyuma imesimama kwenye dakika 10, usiandike kundini kwamba mambo yameharibika. Kusimama huko mara nyingi kumepangwa, ili wakague kila kitu. Iliruka saa 3:47 asubuhi. Mstari wa mwisho kwenye ukurasa ule unasema: 11 Desemba, Orion imetua Pasifiki, saa 2:40 usiku.

Soma vitenzi kwa makini. "Itaruka" ni mpango. "Imeruka" ni kwamba imeondoka chini. "Imefika kwenye mzingo", yaani njia yake ya kuzunguka kule juu, ni habari nyingine, na "mawasiliano yamepatikana" ni nyingine tena. Usipeleke ya nne mtu akiwa amekupa ya pili.

Picha zinazozagaa zina hatari zaidi. Tarehe 30 Desemba 2024 pete kubwa ya chuma ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni. Kabla ya jioni nilikuwa nimeshatumiwa majina ya nchi tatu zilizodaiwa kuwa ndizo zenye pete hiyo, kila mtu ana uhakika na yake. Mimi niliandika kwenye daftari mahali na tarehe tu, nikaacha nafasi. Shirika la Anga la Kenya lilipotoa taarifa, likasema ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi, kipenyo chake kama mita 2.5 na uzito kama kilo 500, ndipo nilipojaza. Ukitumiwa kitu kama hicho, uliza kwanza: kimesemwa na nani, naye alikiona wapi?

Mwisho, toka nje. Kituo cha Kimataifa cha Anga kiko juu kama kilomita 400 na huizunguka dunia kwa dakika 90 hivi. NASA hutangaza saa kitakazopita juu ya mji wako. Kiangalie baada ya magharibi au kabla ya alfajiri, anga ikiwa safi: nukta nyeupe inayong'aa, haipepesi, inakwenda sawasawa kutokea upande wa magharibi. Ikiwa na taa nyekundu, hiyo ni ndege. Mara ya kwanza nilikiona nikiwa juu ya paa na mamangu, tukakifuata kwa macho kimya, na kabla hakijafika upeo wa bahari kikazimika ghafla. Kilikuwa kimeingia kwenye kivuli cha dunia. Mama akaniuliza kama kuna watu ndani. Nikamwambia wapo, akawapungia mkono.